Mbasela Kabla ya Mchele

Harufu ya mchele mpya unaochemka ilinikuta nimekaa mbele ya laptopu, nimeshika tama, nimetoka kusoma ujumbe wa mteja. Ulikuwa ujumbe wa adabu kabisa: "Dada, asante kwa muda wako. Kijana wangu kanionyesha programu ya simu inayotengeneza tovuti yenyewe. Ubarikiwe sana." Nilikuwa nimeshaanza kumchorea kurasa za nyumba yake ya wageni kule Vwawa, hata rangi ya vitufe nilikuwa nimeilinganisha na mapazia ya vyumba vyake. Ubarikiwe! Siku hizi wateja wakikuacha wanakuachia na baraka juu.

Mimi ni mbunifu wa tovuti, najiajiri mwenyewe, nimepanga vyumba viwili hapa Mpemba, jirani na Tunduma. Sina bosi wala mshahara, na mama mwenye nyumba hadi leo anaamini nafanya kazi ya kuangalia sinema. Harufu ile ilitoka jikoni kwake. Kama umewahi kupika mchele wa Msangano ukiwa bado mpya, huhitaji nikueleze. Kama hujawahi, pole. Ni harufu tamu, nzito kidogo, inayoingia nyumba za watu bila kupiga hodi. Nilifunga laptopu, na kabla sijajua nimefikaje, nilikuwa tena mtoto wa darasa la nne, nimesimama kwenye lango la soko la Tunduma na beseni mikononi, nimenuna.

Mama yangu aliuza mchele. Sokoni walimwita Mama Tumaini, kwa jina langu mimi, na kwa hilo nilijiona nina hisa katika biashara. Baba alikuwa amekwenda Saza kutafuta dhahabu. Mwanzoni tulipata salamu zake, baadaye hata salamu zikakatika. Mama hakukaa kumsubiri. Aliondoka kwao Ihanda, akaiacha mibuni ya babu, akaja mpakani na mimi. Mchele aliufuata Msangano, kwa familia moja ya wafugaji waliolima mpunga bondeni, akauleta Tunduma kuwauzia akina mama wa Zambia waliovuka kutoka Nakonde. Kizimba chetu kilikuwa mbele kabisa ya soko. Mteja wetu mkubwa alikuwa Bana Mwila, mama mnene mwenye kicheko cha kujaza kanisa, aliyekuwa na mgahawa upande wa pili. Alikuwa akifika anasalimia kwa Kibemba, "Mulishani, mayo?" na mama anajibu "Bwino" kwa lafudhi ya Kinyiha, wanacheka wote wawili.

Mtu wa mpakani hahitaji kuelezwa mbasela. Kwa nyinyi wengine, mbasela ndiyo nyongeza, ila ina taratibu zake. Muuzaji anapima, anasawazisha juu ya kipimo kwa kiganja, anamimina. Mnunuzi anaufunga mfuko nusu, kisha anaufungua tena na kukutazama usoni bila kusema neno. Hapo unachota konzi moja ya mchele na kumwongezea. Usipoongeza, mtu anaondoka kama aliyetukanwa mbele ya wakwe zake. Lakini mbasela inakuja mwisho, baada ya kununua. Hilo kila mtu alilijua, hata sisi watoto tuliocheza duka kwa mchanga.

Basi soko likakarabatiwa, na vizimba vikagawiwa upya kwa kura. Mama akaingiza mkono kwenye kopo, akatoka na kizimba cha mwisho kabisa, nyuma, ukutani, jirani na Mzee Sichone muuza maharage. Waliopita kule walikuwa kuku, na watu waliopotea wakiulizia choo. Wateja wetu walivuka mpaka kama kawaida, wakaingia langoni, wakanunua pale mbele walipokuwa wamezoea, kwa mtu mwingine. Kila asubuhi mama alifagia, akajaza mchele kwenye masinia hadi ukawa vilima vilivyochongoka, akapaka mafuta usoni, akakaa wima. Jioni tulivirudisha vilima vile guniani vile vile.

Kisha jioni moja, tukiwa tunakula, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Jumamosi mjomba wako anakuja na pikapu. Mambo yakibaki hivi, tunarudi Ihanda." Sikumuuliza kitu, maana uso wake haukukaribisha maswali. Ila mjomba nilimchukia palepale. Nilimwona ndiye mwenye wazo lile, kakaa huko kwao akapanga kuja kutung'oa kama visiki. Sikutaka kuondoka. Ihanda si pabaya, lakini babu alikuwa na imani kwamba mtoto akionekana amekaa, lazima apewe kikapu akachume kahawa. Tunduma nilikuwa na shule yangu, marafiki zangu, foleni ya malori niliyosoma maandishi yake ubavuni kama magazeti. Nilijiambia siondoki, na nilipojiambia hivyo nilimaanisha.

Nikaanza na nilichokiweza. Nilipata ubao wa boksi, nikatengeneza tangazo. Jamani, lilikuwa tangazo! Niliandika jina la mama, jina la Msangano, aina za mchele, maelekezo ya kufika kizimbani, karibuni nyote. Nikachora bendera mbili, ya kwetu na ya Zambia, gunia, sahani inayofuka moshi, na maua pembeni kwa sababu nafasi ilibaki. Nikalitundika langoni. Kutwa nzima hakuja mtu. Muuza mikate alipofika aliegemeza ndoo zake juu yake, na hata yeye hakujua ameegemea nini.

Nililia kwa hasira. Mama hakunibembeleza, hiyo haikuwa tabia yake. Aliniambia, "Kesho simama pale lilipo hilo tangazo lako. Usilitazame. Tazama watu wanaopita, uje uniambie macho yao yako wapi." Ilikuwa likizo, nikaenda. Nilisimama hadi miguu ikawaka moto, na nilichokiona kilinishangaza. Hakuna aliyeinua macho. Waliobeba mzigo kichwani walitazama chini, wasiteleze kwenye tope. Waliobeba mtoto walimtazama mtoto. Wengine wote walitazama walichoshika mkononi: kikapu, ufunguo, kile walichonunua, kana kwamba kitatoroka.

Nilimpelekea mama habari hizo. Alichezea mchele kwa vidole. "Wanatazama mkononi," alisema. "Basi tuwawekee mkononi."

Tulipofika nyumbani akatoa kitenge chake kizuri, cha rangi ya chungwa chenye ndege weusi, alichokivaa kanisani na kwenye harusi za watu aliowaheshimu. Nilidhani tunakwenda mahali. Akakitia mkasi. Sauti ile ya kitambaa kikichanika ninaisikia hadi leo, na hadi leo inaniuma, kwa maana kilikuwa kizuri kweli. Nusu moja aliikata vipande vyembamba kama kamba za viatu. Akatoa vifuko vidogo vile vya kufungia karanga, akatia konzi moja moja ya mchele, akafunga kila kifuko kwa kipande cha kitenge. Nusu ya pili ilipanda kwenye mlingoti mrefu, juu ya kizimba chetu, ikaonekana hata na mtu aliyesimama katikati ya soko.

Kazi ya langoni ikawa yangu. Nilitakiwa kumwekea kila mama anayeingia kifuko mkononi na kusema, "Mbasela hiyo, mama. Kapike uonje. Mchele wake uko kwenye kitambaa kama hiki." Nilinuna kwa sababu niliona aibu. Wenzangu wa darasani walipita, wakaniuliza kama siku hizi tunagawa msaada. Wauza mchele wa mbele walicheka hadi wakashikana mabega. Hata Mzee Sichone, ambaye hakuwa mtu wa kuingilia mambo ya watu, alishindwa kuvumilia.

"Mama Tumaini, unampa mbasela mtu hajanunua? Hiyo si mbasela tena, hiyo ni sadaka."

"Basi niombee, mzee," mama alijibu, akaendelea kufunga vifuko.

Siku ya kwanza watu walipokea, wakatia kwenye vikapu, wakaenda zao. Mmoja alirudi, nikafurahi. Kumbe alitaka kifuko cha pili. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Gunia likapungua bila kuuza. Nilimwambia mama tuache. Alinikabidhi beseni jingine.

Leo watu wa kazi yangu wana maneno marefu ya mambo haya. Wanaitana kwenye semina kuambizana kwamba mgeni anayefungua tovuti hasomi, anapitisha macho tu, na kwamba mwonjeshe kwanza ndipo umuuzie. Mimi nakaa nyuma nikitafuna karanga, nikikumbuka lile lango. Bado napata wateja wanaotaka ukurasa wa kwanza uwe na kila kitu: historia ya kampuni, maono, dhamira, picha ya mkurugenzi, halafu chini kidogo picha ya mkurugenzi tena. Nawaelewa. Nami nilichora maua kwa sababu nafasi ilibaki. Huwa nawashawishi taratibu, na wasiposhawishika nawapeleka dukani kwa mtu yeyote, tunasimama mlangoni, tunatazama macho ya watu.

Ijumaa asubuhi akaja mama mmoja mwembamba wa Nakonde. Alikuwa ameshika kipande cha kitenge kati ya vidole viwili, anakitazama, anainua uso, anakitazama tena, kama mtu anayelinganisha uzi dukani kwa fundi. Aliiona bendera yetu ya chungwa, akaja moja kwa moja, akapita wauza mchele wote bila kugeuka. "Ni huu mupunga unanukia?" aliuliza. Nilitaka kumrukia shingoni. Mama alimpimia kana kwamba wateja walikuwa wanatuvamia tangu alfajiri. Na alipofungua mfuko tena na kumtazama mama usoni, mama akamwongezea mbasela nyingine, ya halali sasa, iliyokuja mahali pake. Mchana wakaja wengine. Wote walikuwa wamepika, wote walikuwa na kile kipande, mmoja kamfunga nacho mtoto nywele.

Jumamosi alikuja Bana Mwila mwenyewe. Mpishi wake alikuwa amepokea kifuko langoni, akaupika ule mchele uwe chakula chake mwenyewe, na harufu ikamtoa Bana Mwila chumbani. "Mayo!" alipiga kelele tangu mbali. "Niliambiwa umerudi kwenu! Nimekula mawe wiki nzima!" Alimkumbatia mama hadi miguu yake ikaacha ardhi. Ndipo mjomba akatokea nyuma yao, funguo za pikapu mkononi, akiuliza mizigo iko wapi. Mama akamwonyesha masinia matupu. "Kaka, mzigo uko Msangano. Twende ukanichukulie." Na kweli, lile gari lililokuja kutuhamisha likashuka bondeni siku hiyo hiyo, likarudi na magunia, na mimi juu yake, naimba. Mjomba nilimsamehe njiani, ingawa sikumwambia.

Kwa miaka mingi hivyo ndivyo nilivyoielewa hadithi hii: mama alijua. Alikuwa na jicho la kuona mbele, alijua watarudi, ndiyo maana alikata kitenge bila kusita. Nimeitumia imani hiyo kujipiga nayo. Kila mteja aliponikimbia, nilijiona nina upungufu, kwamba watu wenye uthabiti huwa na uhakika fulani ndani yao, na mimi sikupewa. Mimi huogopa. Niliogopa pia jioni ile ya ujumbe wa baraka, nikijiuliza kama kuna mtu atakayenihitaji simu zikishajua kuchora zenyewe.

Nikampigia mama. Siku hizi anaishi Ihanda kwa hiari yake, katika nyumba aliyoijenga kwa mchele. Tuliongea habari za kahawa, za magoti yake, kisha nikamuuliza jambo nililokuwa sijawahi kumuuliza: mjomba alikuwa na haraka gani ya kutuhamisha wakati ule?

Alicheka. "Mjomba wako wala hakuwa na habari. Mimi ndiye niliyemwita. Nilikuwa nimeshindwa, Tumaini. Nilikuwa nimekwisha kabisa. Nilikuwa naamka nakuona umelala, naona nimekupotezea muda wako mjini."

Niliiona upya wiki ile yote: mafuta usoni, vilima vya mchele vilivyochongoka, beseni alilonikabidhi nilipomwomba tuache. Mtu aliyekuwa akifanya yote yale alikuwa ameshakubali kuondoka. Hakuwa na uhakika wowote ambao mimi sina. Machozi yalinitoka, na nilimwonea huruma yule mama kijana kuliko nilivyowahi kumwonea mtu.

"Sasa mama," nilisema, "kama ulishamwita, kitenge ulikikata cha nini?"

Alinishangaa, nikasikia kabisa kwenye simu kwamba ananishangaa.

"Si gari lilikuwa halijafika?"