Sarafu ya Shavuni

Sonara wa barabara ya Bonga ana sarafu moja ya dhahabu, twiga upande huu, Mlima Kilimanjaro upande ule. Haiuzi, na zamani hakuruhusu mtu aiguse. Mteja akiingia tu, alikuwa anaibana shavuni na kujibu salamu kwa kuguna, nasi majirani tukidhani ni maringo. Juzi mama mkwe wake alishuka kutoka Mbulu, akasimama mlangoni akisubiri kuamkiwa. Mkwe haamkiwi kwa mguno.

"Shikamoo, mama," akasema. Macho yakamtoka, koo likapanda na kushuka.

"Marahaba, baba. Unakula nini?"

Alifunga duka, akashinda nyumbani akila mapapai mpaka Kilimanjaro ikatoka. Sasa sarafu iko mezani, inang'aa kuliko mwanzo, na anatubembeleza tuishike tusikie uzito wake. Hakuna anayenyoosha mkono.