Gitaa la Lévi na Jina la Bosi

Msiniulize tena kwa nini muziki wa kaka yangu Lévi hauna maneno. Nimechoka na swali hilo. Hapa Masisi, mashariki mwa Kongo, ukiimba kwa lugha hii, kuna mtu atauliza uko upande wa nani; ukiimba kwa ile, atauliza mwenzake. Lévi aliona heri gitaa liseme peke yake.

Sisi ni watu wa ng'ombe. Wenye bunduki walipowamaliza ng'ombe wetu, tulishuka Bweremana kando ya ziwa, tukiwa na mapipa matupu ya maziwa. Lévi tangu ujana alipiga bluzi, muziki wa watu wanaolia bila kupiga magoti. Pale ziwani akapatwa na ugonjwa mwingine: kwenye simu alisikia magitaa ya vijana wa kizungu wanaosimama juu ya mbao na kuteleza na mawimbi, watu wazima wasio na shamba la kupalilia. Lakini sauti ile inayotetemeka ilimwingia. Mashine ya kuitengeneza hakuwa nayo, basi akatumbukiza spika ndani ya pipa la maziwa na kuweka maikrofoni kwenye mdomo wa pipa hilo. Sauti ikatoka imelowa maji.

Mdogo wetu Élysée alicheka mpaka akakaa chini. Yeye alikuwa dereva wa Papa Philippe, mfanyabiashara wa Butembo mwenye malori, na duka hapo Bweremana, na studio nyuma ya duka.

Wiki ambayo madereva wote walikataa njia ya Walikale kwa kuwaogopa wenye bunduki, Papa Philippe alimtuma Élysée na mzigo wa sabuni. Alipigwa risasi akiwa kwenye usukani, kabla ya kufika Nyabiondo.

Kwetu, tajiri hata awe na malori mangapi, mfanyakazi wake akifa anakuja kwenye kilio, anakaa chini kwenye mkeka pamoja na wafiwa. Mama yetu, Mama Mukandori, alimngoja. Papa Philippe alituma mchele. Mchele! Mpaka leo nikiuona, gunia langu la hasira linafunguka.

Lévi akatengeneza albamu nzima kwa ajili ya Élysée, na akaenda kuirekodi kwa mtu huyohuyo, maana studio nyingine haipo. Nilimfokea. Akanijibu, "Dada, mi naenda kwa mashini, siendi kwa muntu."

Siku ya kusikiliza kazi iliyokwisha, tulikuwa wanne mle chumbani: Lévi, mimi, Papa Philippe, na Delphin, kijana wa mashine ambaye pia ni atalaku, mpaza majina kwenye nyimbo. Kwenye nyimbo za mbele tulivumilia makelele ya Delphin akimsifu bosi. Wimbo wa mwisho ulianza polepole, gitaa likipanda kama lori kwenye matope, kisha likanyamaza kidogo. Hapo ndipo Lévi alipoacha nafasi ya mdogo wake. Na katika kimya kile sauti ya Delphin ikalipuka: "Papa Philippe! Simba ya barabara! Walikale nzima inakujua!"

Najua, kutaja wakubwa kwenye nyimbo ni desturi yetu, matajiri wanaipenda kuliko chakula. Lakini pale?

"Nani alikutuma uweke hii?" Lévi aliuliza. Delphin akamtazama bosi.

"Kila kitu yenye inatoka mu studio yangu inabeba jina yangu," Papa Philippe alisema. "Muziki bila jina, batu batajua je kama iko ya nani?"

Lévi alimsogelea. Nilidhani atampiga, na Mungu anisamehe, nilitaka ampige.

"Sawa, Papa. Jina yako itabakia. Lakini ya Élysée itangulie, na uite weye mwenyewe. Jina yake yote, vile banaitaka mufu ku kilio."

Delphin akafungua maikrofoni. Papa Philippe akasogea, akakohoa, akasema, "Élysée…" Akakwama. Akamgeukia Delphin, kisha akanigeukia mimi. Miaka yote ile alimpa funguo za lori.

"Élysée nani?" aliuliza.

Lévi alisema neno moja tu, "Futa," na Delphin akafuta makelele yake yote, kwenye kila wimbo, na mwenye studio amesimama palepale asimkataze.

Nilipotoka nje Papa Philippe alinifuata mpaka barabarani. "Dada, niambiye basi. Alikuwa anaitwa Élysée nani?"

Ni Élysée Karangwa. Ninyi nawaambia. Yeye sikumwambia. Nilimwonyesha njia ya kwa mama, nikamwambia mkeka bado upo, akakae chini amuulize yeye.