Nusu ya Jabbar

Kila maumivu ya mifupa yalipomshika Mudhar, bibi yake Sabria, mzaa baba, alisema yale yale, hata mbele ya majirani: "Damu ya Amara hiyo. Sisi wa Basra hatuna ugonjwa huu."

Nidhal, mama wa mtoto, ndiye aliyeolewa kutoka mji wa Amara. Alimkanda mwanawe kwa kitambaa cha maji ya moto. Ikawa hivyo hadi mchana mmoja mumewe Jabbar, akichambua miba ya samaki, aliposema atamwoa Hanan, binti wa mjomba wake. "Nataka watoto wazima."

Kesho yake Nidhal alimwendea daktari wa Mudhar hospitalini.

"Naambiwa selimundu nimeileta mimi."

"Nani kakwambia?" daktari aliuliza. "Mtoto hupokea vinasaba nusu kwa baba, nusu kwa mama. Ungekuwa na kasoro hiyo peke yako, Mudhar asingeugua. Baba yake naye anayo, haimuumizi tu."

Nidhal alitoka pale kwa hasira. Miaka yote hiyo ameinamisha kichwa kwa kosa lisilo lake.

Jabbar alipoambiwa akapime, alicheka. "Mimi nayebeba makreti ya tende kutwa? Ugonjwa gani?"

"Basi atapima Hanan. Naye akiwa nayo, wanenu wanaweza kuugua vilevile."

Nidhal hakungoja ruhusa. Alijitupia abaya, akaenda kumweleza mama Hanan kila kitu. Sabria akamfuata mbio.

"Usimsikilize, wifi. Uke wenza unamchoma."

"Kupima hakuui mtu, wifi," mama Hanan alijibu.

Hanan akapimwa, akakutwa na kasoro ile ile. Posa ikavunjwa. Ndipo Jabbar naye akapima, akakutwa nayo. Kwa damu, yeye na Hanan wanakutana upande mmoja tu, kwa kina Sabria.

Jioni Jabbar alirudi akaomba chai ya ndimu kavu, kana kwamba hakuna lililotokea.

"Kwanza mama yako aseme samahani," Nidhal alimwambia, "mbele ya majirani wale wale alionichafua mbele yao."

"Mama ni mzee. Yaache yapite."

"Aliponitukana hakuwa mzee?"

Jabbar akajimiminia chai mwenyewe. Tangu siku hiyo Sabria hajaitaja Amara tena, lakini samahani haijamtoka mdomoni. Nidhal bado anapika katika nyumba ile, kwa kuwa hospitali ya Mudhar iko karibu. Chakula anakula chumbani, na mwanawe.