Mama Chujio na Maneno Ambayo Kikao Hakikuweza Kuyataja

Uvumi ulimfikia Mama Chujio kupitia dirishani, pamoja na mvuke wa pasi.

Dobi wa chumba cha jirani ndiye aliyeuleta. "We mwenzangu," alisema huku akinyunyizia maji kola ya shati, "umesikia la shuleni? Kuna mtoto anawasimulia wenzake pale bombani mambo ya wakubwa, mwanzo mwisho. Eti kayaona kwenye kompyuta. Tena kwenye chumba chenye stika!"

"Chumba gani?"

"Mimi nijue wapi? Vyenye stika vimejaa mji mzima. Lisemwalo lipo, shoga yangu, kama halipo laja."

Tangu siku hiyo maneno yale yamemganda kama kupe. Hata sasa, saa mbili asubuhi, anapofuta kibodi kwa kitambaa kibichi na kuokota maganda ya karanga chini ya viti, mkono unafanya kazi na kichwa kiko bombani.

Chumba kina kompyuta saba, kila moja imekingwa na mbao ubavuni ili wateja wasichunguliane. Kutoka kwenye kaunta anaona visogo tu. Mlangoni, usawa wa macho ya mtoto, imebandikwa stika ya kijani: HAPA MTOTO YUKO SALAMA.

"Visogo havina macho," anasema. "Kisogo cha anayesoma na kisogo cha anayejiharibu vinafanana."

Ni mjane, msomi wa darasa la saba. Zamani aliuza chai kwenye geti la shule, chujio likining'inia shingoni kama filimbi ya refa. Jina lilianzia hapo. Mumewe alipofariki, baba mkwe alimpa kazi katika chumba chake cha kompyuta. Zaidi ya nusu ya mshahara inaishia kwenye kodi ya nyumba, na kinachobaki kinagombaniwa na ada na unga. Hata hivyo alishukuru, kwa sababu kazi ilimruhusu kukaa na kitindamimba wake, msichana wa darasa la tano, kila anapotoka shule.

"Nilisema afadhali awe hapa machoni pangu kuliko kuzurura," anasema. Kisha anacheka, kicheko kisichofika popote. "Machoni pangu!"

Wazo la stika lilitoka kwa wenye vyumba vya kompyuta wenyewe. Malalamiko ya wazazi yalipozidi, waliunda umoja wao, wakakubaliana wajisimamie kabla hawajasimamiwa. Kila mwenye chumba angeweka programu ya kuchuja picha chafu. Atakayeiweka apewe stika, na atakayekataa atengwe. Baba mkwe wa Mama Chujio, mzee anayeheshimika, akachaguliwa mwenyekiti.

Mpaka hapo, hakuna aliyekosea.

Kosa lilifanyika kikaoni, mchana kweupe, mbele ya watu wazima wenye akili timamu. Fundi wa kompyuta aliwaeleza kwamba programu ile inajua matusi yote ya Kizungu. "Ya kwetu haijui hata moja," alisema, vidole vikiwa tayari juu ya kibodi. "Nitajieni maneno wanayotafutia, niyaandike. Likiandikwa neno humo, mlango unafungwa."

Mama Chujio, aliyekuwa akimimina chai, anakumbuka alivyosikia kijiko kikigonga kikombe.

Mle ndani alikuwamo mama mmoja mwenye vyumba viwili, akitazamana uso kwa uso na mume wa binti yake. Alikuwamo mtu na baba yake mdogo. Alikuwamo mwenyekiti, na mkwewe akiwa ameshika birika. Nani angeanza?

Mwenyekiti alikohoa. "Andika: tendo la ndoa."

"Kukutana kimwili," akaongeza mwingine, macho kwenye dari.

"Sehemu za siri."

"Uchi."

"Yametosha," akasema yule mama mwenye vyumba viwili, akijipepea kwa ncha ya mtandio. Wakafunga kikao kwa dua na soda.

Matokeo yake yalionekana mapema. Nesi wa zahanati alikuja kutafuta maelezo ya usafi wa sehemu za siri kwa wajawazito, skrini ikamwekea ukurasa mwekundu wa onyo. Alitoka amefura. "Jamani, mimi ndiye mhuni hapa?" Mwalimu wa Kiswahili naye alifungua ukurasa wa methali, ukakataa, kwa kuwa ndani mlikuwamo *Mficha uchi hazai*.

Fundi alicheka mpaka akakaa. "Mama Chujio, programu yetu hii ina adabu kuliko wateja."

Yeye hakucheka. "Hakuna mtoto duniani anayeandika 'kukutana kimwili'," anasema. "Mtoto anaandika anachokisikia kijiweni. Na ya kijiweni hatukuyaweka hata moja. Tulifunga dirisha, mlango tukauacha wazi, halafu mlangoni tukabandika stika."

Siku chache baada ya uvumi wa dobi, alimkalisha bintiye kwenye mkeka amsuke. Alidhani atapata jina la huyo mtoto wa bombani, amkataze kucheza naye.

"Nani huyo anayewasimulia wenzenu mambo ya ovyo?"

Msichana alijibu bila kugeuka: "Mimi."

Mkono wa mama ulisimama kichwani.

"Umeyaona wapi?"

"Kwa babu. Ile kompyuta ya mwisho. Kuna kaka aliandika neno, nikalishika. Alipoondoka nikaliandika na mimi, nijue ni nini."

"Neno gani?"

Mtoto akalitaja.

Hapo Mama Chujio alifanya jambo ambalo hajui atalifutaje. Alimziba mdomo kwa kiganja kilichojaa mafuta ya nywele. "Koma! Koma kabisa! Nisikusikie tena!"

Alipouondoa mkono, msichana alisema sentensi moja tu. "Lakini mama, si ulisema pale pana stika?"

Tangu siku hiyo hajasema zaidi ya "ndiyo" na "hapana". Alikuwa mtoto wa kuulizauliza mpaka majirani wanamwita Redio. Sasa Redio imezimwa. Ndugu mdogo wa marehemu baba yake akija kuwajulia hali, mtoto anachukua ndoo na kwenda bombani, hata kama ndoo imejaa.

"Amwogope baba yake mdogo, aliyembeba mgongoni!" anasema mama. "Kitu gani kimeingia kichwani mwake? Na nitakijuaje, wakati mdomo niliuziba mwenyewe?"

Alimfuata fundi, akamwomba ayaongeze maneno ya mtaani kimyakimya. Fundi akamwonea huruma, lakini akakataa. "Ufunguo anao mwenyekiti, mama. Orodha ni moja kwa vyumba vyote. Neno haliingii bila kikao."

Basi akasubiri kikao. Safari hii aliliweka birika chini na kunyoosha mkono.

"Sema, mwanangu," mwenyekiti alimruhusu.

"Baba, maneno tuliyoyaweka sio wanayoandika watoto."

"Wanaandika yapi?"

Jamaa mmoja wa nyuma akadakia, "Mama Chujio atutajie basi, tutege masikio!" Watu wakaangua kicheko. Mwingine akapiga meza. "Taja, mama, usituchuje!"

Akamtazama mkwewe. Akamfikiria mtoto. Akalitaja.

Ni neno ambalo hata gazeti hili haliwezi kulichapa, jambo ambalo nalo ni sehemu ya tatizo. Kicheko kilikatika kama kilichokatwa kwa kisu. Yule mama mwenye vyumba viwili alijifunika uso kwa mtandio. Mwenyekiti alisimama taratibu, akachukua kofia yake.

"Umenivua nguo mbele ya watu," alisema, akatoka.

Kikao kikavunjika. Katika kumbukumbu, katibu aliiandika hoja yake chini ya "mengineyo". Hakuna neno lililoongezwa. Uamuzi pekee uliotekelezwa baadaye ni wa kuchapa stika mpya, kubwa zaidi.

Mwenyekiti tulimkuta kibarazani kwake, mtu mpole, mwepesi wa kukaribisha. "Hakuna aliyetulazimisha," alisema. "Tulikaa wenyewe kwa kuwapenda watoto wa wenzetu. Yule ni mwanangu, nampa heshima yake. Lakini kuna maneno hayapiti mbele ya mkwe. Yakipita, kimebaki nini?"

Na yule mtoto wa bombani, amemsikia?

Alitikisa kichwa kwa masikitiko. "Nimesikia. Huyo atakuwa hana kwao. Mtoto aliyelelewa hawezi."

Hajui kwamba ni mjukuu wake. Kinywa cha kumwambia hakipo. Siku hizi akiwa na ujumbe kwa Mama Chujio, anamtuma mtoto huyohuyo aupeleke.

Mama Chujio aliwahi kung'oa zile mbao za ubavuni, ili aone skrini zote kutoka kaunta. Wateja wakapungua kabla ya mchana. Jioni seremala akatumwa kuzirudisha. Kuacha kazi angependa, lakini kodi haiulizi mtu anapenda nini. Amemkataza mtoto kuingia kwenye chumba cha kompyuta, na sasa hajui mtoto anashinda wapi.

Alipoulizwa kama haogopi mambo haya kuandikwa, alikunja kile kitambaa cha kufutia mara nne. "Baba anasoma gazeti kila Jumapili, tena mpaka matangazo ya vifo. Mdomo wangu umeshindwa. Akisoma humu, atajua ni nani. Akinifukuza, atakuwa amejua."

Hilo ndilo tumaini lake, na mwenyewe anasema ni jembamba kama uzi wa buibui. Mpango wake mwingine ni kusimama tena kwenye geti la shule, safari hii bila chai, awaambie wazazi mambo yafuatayo. Aliyataja moja baada ya jingine bila kupumzika:

Usiiamini stika. Uliza programu imechuja nini, na nani aliijaribu.

Usimwache mtoto kwenye kompyuta iliyokingwa, hata kama mwenye chumba ni ndugu yako. Hasa kama ni ndugu yako.

Usimpe simu ili anyamaze.

Usinunue memori kadi ya simu iliyojazwa video na katuni bila kuifungua wewe mwenyewe mpaka mwisho.

Usidhani kukaa chumba kimoja naye ndiko kumwona.

Usiseme ni mtoto wa mwingine.

Usikubali kikao kifungwe kwa kuwa watu wameona haya.

Usimzibe mtoto mdomo anapoanza kukwambia alichokiona. Hatarudia.