Tarehe Tupu za Watoto wa Rutshuru

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa kravati, tai ndefu iliyokaribia magoti, na mkononi nilishika cheti cha masomo ya jioni chenye mihuri mingi kuliko pasipoti ya balozi. Biro, yaani ofisi yetu, ilikuwa mtaa wa Mabanga, juu ya lava ya mlipuko wa volkano ya Nyiragongo. Nawaapia, lava ile bado ingechemsha chai. Chef de service, mkuu wetu wa kazi, mama mwembamba mwenye sauti ya kamanda, hakukitazama hata kile cheti.

"Papa, unajua XML?"

"Ndiyo, Mama Chef. Ni maandishi yenye lebo, kila kitu na lebo yake."

"Basi ikala," akanionyesha kiti.

Kazi yetu ilikuwa watoto. Waasi walipokaribia Rutshuru, watu walikimbia na watoto wakapotea njiani. Programu yetu ilimgeuza kila mtoto kuwa maandishi: jina, kijiji, tarehe ya kuzaliwa. Faili lilikwenda Bukavu, ambako mashine iliwalinganisha na wazazi waliokuwa wakitafuta.

Sasa, juu ya faili programu huandika matangazo, xmlns, yanayosema lebo hizi ni za ukoo gani. Yetu ilipenda kuongeza yasiyohitajika, na Bukavu wakayakataa. Kwa hiyo desturi ya biro ilikuwa kuyafyeka yote, ila la ukoo wa Bukavu, faili likishaandikwa. Kiprogramu cha kufyekea tulikiita Panga.

Panga lilitufaa hadi walipoletwa watoto wachanga, wasioweza kusema walizaliwa lini. Tarehe tupu programu huitia alama, xsi:nil, maana yake "hapa hapajulikani". Lakini tangazo la xsi Panga lilikuwa limeshalifyeka, alama ikabaki haina kwao. Bukavu wakarudisha faili zima. Hakuna mtoto hata mmoja aliyepita.

Mwenzangu Déo, mtu wa Masisi, akasema, "Tujaze tu premier janvier, Januari mosi ya mwaka jana, wote!"

"Déo, weye ulizaliwa premier janvier?"

"Kwenye karte yangu ya kitambulisho, ndiyo, Mama Chef."

Tulicheka, Mama Chef hakucheka. "Weye mama yako alikuwa anakujua. Huyu mutoto tukimupa miaka yenye haiko yake, mama yake atapita kando yake."

Akaketi kwenye mashine yangu. Badala ya kufyeka baadaye, aliiambia programu kabla haijaandika: tangaza ukoo wa Bukavu, tangaza xsi mara moja juu kabisa, mengine nyamaza. Mistari michache tu! Mchana Bukavu wakajibu: wamepokea wote. Wiki hiyohiyo mama mmoja wa Rutshuru alimpata na kumbeba mgongoni binti yake, ambaye faili halikujua umri wake.

Sasa nimestaafu, naishi mtaa wa Mapendo. Nimepita chini ya madirekta wenye diploma za kuifunika Nyiragongo nzima, na bado namvulia kofia yule Mama Chef. Vijana, msilolijua msilijaze. Liacheni tupu, na mtangaze juu kabisa kwamba ni tupu, ili mwenye kujua aje alijaze.