Wembe Usiosikika

Baba alipokuja kukaa kwangu Makanyagio baada ya kupata kiharusi, nilijiandaa kwa habari za dawa, za kliniki na za uji. Habari za wembe sikuzifikiria hata kidogo.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala. Mdomo nao ulipinda siku za mwanzo, kisha ukarudi mahali pake, tukashangilia na kusema uso umepona, umebaki mkono tu. Mdogo wangu, kitinda mimba wetu, alikuwa anafunga ndoa baada ya wiki mbili, na baba ndiye wa kumpeleka mpaka altareni. Alikuwa katekista kule Mpimbwe kwa miaka mingi na hakuwahi kusimama kanisani na ndevu.

"Mama," aliniambia, maana nina jina la mama yake, "uso wa mgonjwa siupeleki kanisani. Ukishindwa kuninyoa, mtafutieni mtoto mtu mwingine wa kumpeleka."

Saluni alikataa katakata. Alisema mashine iliyopita kwenye vichwa vya mji mzima haitapita kwake. Basi nikawa kinyozi, mimi ambaye hata kumnyonyoa kuku kunaniudhi.

Nilianza na wembe wa bei rahisi kwa sababu ni bahili, na sioni haya kusema. "Wa kucha, wa kushonea au wa kwapa, dada?" muuza duka aliniuliza mbele ya watu. Nikamjibu wa ndevu. Akanitazama kidevu kwanza, ndipo akageukia shelfu. Alinipa wa plastiki, wa njano, wenye makali mawili, shilingi mia tano.

Nyumbani nikampaka baba povu la sabuni ya mche, nikaanza na shavu la kushoto.

"Vizuri," akasema.

Nikahamia kulia. "Huu siusikii," akasema. Nikarudia. "Siusikii, mama. Unapita tu."

Nililitazama lile shavu, lilikuwa safi kabisa. Ndevu zilikuwa zinaelea kwenye beseni, nimezikata mwenyewe. Nikajiambia labda makali yaliishia katikati ya uso. Baada ya siku mbili nikachukua mwingine mpya, nikaanzia kulia makusudi. Hausikiki. Nikahamia kushoto na wembe uleule, baba akatikisa kichwa kwa kuridhika: huu sasa mzuri. Wembe mmoja, uso mmoja, dakika ileile! Nilichanganyikiwa nikakaa chini.

Nikarudi dukani nimefura, nikamwambia muuzaji ananiuzia feki.

"Dada, feki haichagui shavu," akanijibu, akacheka. Kisha akaniwekea mezani wembe wa elfu tatu, wa makali matatu, una utepe wa kijani unaoteleza. Nikalipa huku roho inauma.

Ule kusema kweli ulikuwa bora. Uliteleza kama mlenda, hata vile vipele vya shingoni haukuvigusa. Baba alipofikiwa kulia akasema, "Huu ndiyo hausikiki kabisa."

Nikaingiwa na wasiwasi na sikio lake. Nikamwinamia upande ule wa kulia, nikamnong'oneza shikamoo.

"Marahaba. Mbona unaninong'oneza kama mwizi?"

Sikio zima. Hapo nikadhani nimepata jibu. Baba amenyoa maisha yake yote na mashine ya chuma, ile ya kufungua kwa mpini na kuweka wembe katikati, na inapopita kwenye ndevu inakwaruza krr, krr. Nilipokuwa mtoto niliisikia mpaka jikoni. Hizi za kisasa hazina sauti, ndiyo maana mzee haziamini! Nilijiona nina akili sana. Mashine yenyewe ilikuwa ndani ya begi lake tangu alipofika, ila nilikuwa naiogopa. Nikanunua wembe wa kuweka humo, shilingi mia moja, nikaicheka ile elfu tatu yangu.

Asubuhi ya ndoa gari lilikuwa limeshafika. Baba amekaa kwenye kiti uani, taulo shingoni, shati jeupe limening'inia mlangoni. Nikaanza kushoto. Krr, krr.

"Ee, huu nausikia."

Nilifurahi jamani. Nikahamia kulia, nikatega sikio. Krr, krr, sauti ileile, tena kubwa zaidi. Baba kimya. Nikaogopa atasema neno lake siku hiyo, dakika hiyo, halafu akatae kwenda. Nikakandamiza.

Wembe ukazama chini ya mfupa wa shavu. Damu ikapasua povu, ikashuka mpaka kwenye taulo. Nikangoja aruke, apige kelele, anigombeze, chochote. Baba alikuwa anatazama lile shati lake mlangoni, ametulia.

"Mama," akasema, "upande wa kulia utaanza saa ngapi? Tutamchelewesha mtoto."

Kumbe wiki zote mbili hakuwa anazungumzia sauti. Shavu lake lilikuwa limekufa ganzi kama mkono wake, naye hakujua, na mimi nilikuwa nazunguka madukani nikigombana na watu. Niliona aibu, na huruma. Nikalivuta taulo ili asione damu, nikaliziba jeraha kwa kidole gumba. Nilikandamiza kwa nguvu, naye hakugeuka.

"Naanza sasa, baba," nikamwambia.