Nilivyoongeza cc za trekta la mashindano, mizani ikanikataa mimi

Wakuu, heshima kwenu nyote. Haya ninayoandika mama Neema ameyasoma kabla sijaposti, kwa hiyo chumvi hakuna, angeikamata.

Niko Katy, nje kidogo ya Houston, kazi yangu ni IT, ya kukaa ofisini. Mwaka 2018 nikaambukizwa ugonjwa unaoitwa tractor pulling.

Trekta linafungwa tela zito, na kadiri linavyokwenda, mzigo juu ya tela unasogea mbele na kulikaba zaidi. Anayefika mbali ndiye mshindi. Ukimaliza uwanja wote wanaita full pull.

Nikanunua trekta kuukuu la silinda nne, nikaliingiza gereji ya nyumbani.

Hapo gari la mama Neema likahamia nje. Kwa asiyeijua Texas: mvua ya mawe ikija, bodi inabaki mashimo mashimo. Na ikaja.

Alikagua bonnet yake, akarudi, akasema kwa upole ulionitisha, "Baba Neema, mashindano ya Fort Worth ndiyo ya mwisho. Usipopata full pull, hilo dude linauzwa na gari langu linarudi ndani. Deal?"

Nikasema deal. Ningesema nini?

Nikamtafuta Otieno, Mkenya wa mtaa wa Alief hapa Houston, fundi wa kuchonga injini. Akalizunguka trekta akicheka. "Boss, hii block iko poa sana. Tuta-bore silinda, tuweke pistoni kubwa na crankshaft ya stroke ndefu. Majirani watahama!"

Kwa lugha nyepesi: tundu likipanuka na pistoni ikisafiri mbali zaidi, injini inameza hewa na mafuta mengi zaidi. Ila ukuta wa silinda unaupima kwanza, maana ukichonga kupita kiasi unatobokea kwenye njia ya maji, na block inakuwa chuma chakavu.

Siku tuliyowasha tulirukaruka na Otieno kama tumefunga goli. Vikombe jikoni viligongana. Mama Neema alichungulia, akafunga mlango.

Haya, Fort Worth. Mizani.

Kila daraja lina kikomo cha uzito, na trekta hupimwa dereva akiwa juu yake. Tumezidi! Wakuu, nilihangaika na uzito wa kila bolt nikasahau nyama zote za brisket zilizohamia kiunoni kwangu. Kutoa vyuma vya kukandamiza pua ya mbele haiwezekani, kwa nguvu ile trekta lingesimama wima. Otieno naye ni pandikizi la mtu.

Tukageuka taratibu tukamtazama mama Neema, mwembamba, amekaa kwenye kiti cha kukunja anatafuna mahindi.

Kuliendesha anajua, maana hulisogeza mwenyewe kila akitaka kufikia mashine ya kufulia iliyo humo gereji. Lakini fikirieni: mtu pekee anayetaka tushindwe ndiye tunamkabidhi usukani! Aachie clutch vibaya tu, injini izime, gari lake lirudi ndani.

Akavua kilemba, akavaa helmet. "Atakayenicheka atalala nje na gari langu."

Akaachia clutch. Moshi ukapanda, magurudumu ya mbele yakanyanyuka, yakatua, yakanyanyuka tena. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Karibu na mwisho trekta likaanza kulemewa, nikasema basi, sasa anazima.

Mkono wake ukaongeza moto.

Full pull, wakuu! FULL PULL!

Alishuka uso umejaa masizi, meno yote nje. Nikamuuliza mbona hakuzima. "Nilikuwa nimeshapanga," akasema. "Halafu likanivuta mgongo nyuma, nikasahau kabisa kama nina gari."

Funzo: kabla hujaongeza cc, panda mizani wewe kwanza.

Gari bado linalala nje. Jana mwenyewe kampigia Otieno simu kuuliza kama silinda zinaweza kuchongwa kidogo tena. Ukuta uliobaki ni mwembamba, mimi naogopa. Mnaojua injini mwambieni ukweli hapa chini, comments anasoma yeye. Mimi siku hizi ni mbeba spana tu.